Kuna Mtu Atapanda Matatu kwa Neno Lako

Jumamosi moja ya masika, baada ya mvua ya usiku kucha, nilimkuta mama mmoja kwenye steji ya Kitengela akiwa na watoto wawili na simu mkononi. Walikuwa wametoka Nakuru alfajiri. "Samahani baba," akaniambia, "kile kiwanda cha vioo kiko upande gani? Wameandika ni dakika tano kutoka hapa." Akanionyesha makala yenyewe. Picha zilikuwa nzuri, vioo vya kila rangi vikipitisha jua, na chini yake maneno yale yale: dakika tano kutoka mjini Kitengela.

Karakana ya Kitengela Glass haiko mjini Kitengela. Kitengela ni jina la uwanda mpana ulio kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, na mji wetu huu wa barabara ya Namanga umeshiriki jina hilo tu. Mahali pale alipopaanzisha Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, na ambapo mwanawe Anselm huyeyusha chupa kuukuu na kupuliza vioo vipya, pako upande wa Mto Mbagathi. Wengi hufika kwa njia ya Ongata Rongai. Kutoka steji yetu ni safari ndefu ya barabara ya vumbi, na siku ya mvua vumbi hilo huwa kitu kingine kabisa.

Nilimweleza. Akawatazama watoto, akatazama saa, akaamua kujaribu kwa bodaboda. Baada ya saa moja na nusu niliwaona wamerudi. Pikipiki ilikuwa imekwama katika ule udongo mweusi wa kwetu, unaoshika kiatu hadi mguu unakuwa mzito kama umefungiwa jiwe, na mwendeshaji akakataa kuendelea. Mtoto mdogo alikuwa amevuliwa viatu. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa imemeza pesa za chakula cha mchana.

Sidhani aliyeandika makala ile alikusudia kumdhuru mtu. Nadhani hakuwahi kufika. Aliona jina, akaona mji wenye jina hilo kwenye ramani, akajaza dakika tano.

Nimekuwa nikisoma na kuhariri maandishi ya safari ya vijana wa huku Kajiado, wengi wao wakijichapishia wenyewe mtandaoni bila mhariri wala gazeti nyuma yao. Nawapenda kwa hilo. Zamani makala ya safari ilihitaji ruhusa ya mtu aliyekaa ofisini Nairobi, na ofisi hiyo haikuwa na haja na Isinya wala Loitokitok. Leo kijana anashuka kwenye matatu, anaandika, na kabla ya usiku ameshasomwa Mwanza na Muscat. Lakini aliyeondoa mhariri hakuondoa kazi ya mhariri. Kazi hiyo sasa ni yako, na ukiiacha, atakayeilipia ni mama wa Nakuru.

Basi tuanze na sentensi, kwa sababu huko ndiko maandishi mengi yanakofia. Kijana mmoja jirani yangu aliniletea makala kuhusu soko la mifugo la Bissil, kule mbele ya Kajiado ukielekea Namanga. Ilianza hivi: "Tulifika katika soko maarufu la Bissil lenye mandhari ya kuvutia na shughuli za kusisimua, ambapo wenyeji wakarimu walitupokea kwa bashasha." Nikamwuliza, nani aliyewapokea? Hakukumbuka mtu. Alisema nini? Kimya. Mandhari yaliyokuvutia ni yapi, yale mabati au ile miiba? Akacheka kidogo, kisha akaanza kunisimulia kwa mdomo, na hapo ndipo soko lilipofunguka.

Alikuwa amesimama karibu na mzee mmoja mwenye shuka nyekundu aliyekuwa akinunua mbuzi. Mzee hakuuliza bei kwanza. Alibonyeza mgongo wa mnyama kwa vidole viwili, nyuma tu ya mbavu, huku amefumba macho. Akamfungua mdomo akatazama meno. Akainama, akamshika kiwele. Ndipo akataja bei kwa sauti ya chini sana, na muuzaji akajibu akiwa anatazama barabarani, hamtazami mnunuzi, kama vile biashara ile haimhusu. Walipokubaliana, mzee akachukua rangi ya buluu akampiga mbuzi mstari mmoja mgongoni ili asichanganyike na wa wengine. "Kisha?" nikamwuliza. "Kisha akamfunga pembeni kungojea lori la kwenda machinjioni Nairobi."

Yote hayo aliyaona kwa macho yake na hakuandika hata moja. Nilipomwuliza sababu, alisema, "Lakini hayo ni ya kawaida." Jibu hilo nimelisikia kwa waandishi wengi. Tunadhani safari ni kitu cha maneno makubwa, basi tunaacha vidole vya mzee na kuchukua bashasha. "Ya kuvutia", "ya kupendeza", "ya kusisimua", "wenyeji wakarimu", "hali ya hewa safi" ni maneno yanayoweza kuandikwa na mtu ambaye hajatoka kitandani. Nakuomba ufanye jaribio moja. Chukua makala yako, futa jina la mahali kila lilipo, mpe rafiki asome. Akishindwa kujua kama ni Magadi au Malindi, hujaandika bado.

Njia ya kujiponya ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: simulia kabla ya kuandika. Rekodi sauti yako kwenye simu ukiwa njiani kurudi, kama unamsimulia dada yako, halafu andika kutoka kwenye hiyo sauti. Ukiwa pale pale andika majina, saa, bei, na maneno halisi aliyotamka mtu mmoja. Hayo manne hayakumbukiki kesho yake. Mengine yote yatabaki.

Simulizi za safari kwa Kiswahili hazikuanza na simu. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mtumishi wa Mjerumani aliyeitwa Bumiller, alifuatana na bwana wake hadi Urusi na Siberia, na habari zake zikachapishwa mwaka 1901 katika mkusanyiko wa Carl Velten, *Safari za Wasuaheli*. Fikiria kazi aliyokuwa nayo: kuwaeleza watu wa pwani nchi ya barafu. Kumwambia msomaji wa namna hiyo kwamba mandhari ni ya kuvutia kusingemsaidia kitu. Ndani ya kitabu hicho hicho yumo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye hakwenda Siberia. Alikwenda Udoe na Uzigua, nchi za nyuma tu ya pwani yake. Hata hivyo safari yake imesomwa kwa zaidi ya miaka 100, kwa sababu aliona mambo ya majirani ambayo majirani wenyewe waliyaona ya kawaida. Ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia uanze na Mtoro. Kutoka Kitengela hadi Isinya kunatosha kwa makala ya kwanza.

Na asikudanganye mtu kwamba kilichochapishwa mtandaoni ni cha daraja la chini. Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 kwa "Discovering Home", simulizi ya safari iliyotokea kwenye jarida la mtandaoni lililoitwa G21Net. Ni habari za kurudi kwake kutoka Afrika Kusini, Nairobi, nyumbani, na hadi Uganda kwenye sherehe ya ukoo wa mama yake. Mwaka uliofuata likaanza jarida la *Kwani?*. Mwaka 2005 akaandika katika jarida la *Granta* ile makala yake maarufu ya kuwasuta wanaoiandika Afrika kwa picha zile zile za kukariri. Kinachonihuzunisha ni kwamba picha zile sasa naziona kwenye maandishi yetu wenyewe. Kijana wa Kitengela, mji ambao sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436, anaandika kuhusu "kijiji tulivu cha Wamaasai" kana kwamba hapandi ngazi za ghorofa kila jioni.

Nije kwenye ukweli wa mambo, ambako sina huruma. Amboseli iko Kajiado. Ni mbuga ya kitaifa tangu 1974 na ina kilomita za mraba 392. Mlima Kilimanjaro unaouona ukiwa humo uko Tanzania. Andika hivyo, tena mara ya kwanza unapoutaja, kwa heshima ya majirani zetu na kwa faida ya msomaji atakayetaka kuupanda. Kisha mwambie jambo la maana zaidi, kwamba auamkie mapema, maana mara nyingi mawingu huufunika jua likishapanda. Sentensi hiyo moja inamfaa kuliko aya nzima ya sifa.

Neno "manyatta" nalo linatumika ovyo. Nyumba za familia za Wamaasai zilizozungushiwa ua wa miiba, kwa Kimaa ni enkang. Kwa Kiswahili sema boma na utaeleweka. Manyatta ni makazi ya morani. Na jina Kajiado limetokana na Olkejuado, yaani mto mrefu. Ukilijua hilo, utasimama tofauti kwenye daraja la mji ule wakati wa kiangazi, ukitazama mchanga mkavu chini yako. Majina ya mahali ndiyo hazina ya bei nafuu kuliko zote kwa mwandishi wa safari. Muulize mzee yeyote atakupa, na ukipata mawili yanayotofautiana yaandike yote mawili.

Kuna ukweli mwingine ambao si wa kamusi, bali wa kutosema nusu. Uwanda wa Kitengela huandikwa kama njia ya wanyama: nyumbu, pundamilia, simba wakivuka Mbagathi kutoka mbugani, kwa kuwa upande ule wa kusini haukuzungushiwa ua wote. Ni kweli. Lakini Juni 2012 simba sita waliuawa huku Kitengela baada ya kuingia kwenye boma na kuua mbuzi. Machi 2016 simba aliyeitwa Mohawk, aliyependwa na watalii wa Nairobi, alipigwa risasi Isinya baada ya kutangatanga mbali na mbuga. Ukiandika uzuri wa simba bila kumtaja mwenye mbuzi, umemwandikia mgeni na kumsahau jirani. Na jirani ana hadithi nzuri kuliko yako. Richard Turere, mtoto wa wafugaji wa huku huku, aligundua akiwa na umri wa miaka 11 kwamba simba huogopa taa inayotembea. Akaunganisha taa ndogo, betri, sola na kifaa cha kuwashia indiketa za pikipiki, zikawa zinamemeteka kuzunguka boma usiku kucha. Mwaka 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED Marekani akaeleza. Ni watalii wangapi wamepita barabara ile ile wakarudi na picha ya twiga peke yake?

Kuhusu picha, nina maneno machache. Mtu aliyeko sokoni hajawa mali ya simu yako. Mwombe, mwambie picha inakwenda wapi, na akikataa, mshukuru uendelee na safari. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu kinalinda faragha ya kila mtu, na tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, lakini hata kabla ya sheria kulikuwa na adabu. Mtoto usimpige picha bila mzazi kukubali. Na ukikutana na kifaru, zima kwanza alama ya mahali kwenye simu, kwa kuwa picha hubeba siri ambayo jangili anajua kuisoma.

Sasa useme nani alilipa. Kama hoteli ilikulaza bure, au kampuni ya magari ilikupa safari ili uisifu, liandike hilo juu kabisa, si mwishoni kwa herufi ndogo. Sioni ubaya wa kupokea. Naona ubaya wa kuficha. Msomaji anayejua kwamba chai ilikuwa ya bure anaweza kupima mwenyewe utamu wake. Asiyejua atalipa bei kamili kwa kitu ambacho wewe hukukilipia.

Vile vile andika tarehe uliyosafiri. Nauli ya leo si ya Desemba, barabara inayopitika Februari haipitiki Aprili, na hoteli ya nyama choma uliyoisifu inaweza kuwa duka la simenti mwakani, hasa Kitengela hii. Ukiandika "mwendo wa dakika 20", sema kwa miguu, kwa bodaboda au kwa gari, na kama ulipima au uliambiwa. Ukigundua kosa baada ya kuchapisha, lisahihishe na uweke mstari mmoja unaosema umelisahihisha lini. Wengine hufuta kimya kimya wakidhani wanalinda jina. Msomaji aliyekuona ukikiri kosa moja ataamini yale mengine 30.

Kuhusu programu zinazojiandikia zenyewe, naelewa kishawishi. Unaandika jina la mahali, unapata aya sita zilizonyooka. Agosti 2023 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi kuhusu vitabu vya mwongozo wa safari vilivyokuwa vikiuzwa Amazon, vikionekana kuandikwa na mashine, majina ya waandishi ya kubuni, sifa za uongo. Mwezi uliofuata Amazon ikaweka kikomo: mtu asichapishe zaidi ya vitabu 3 kwa siku. Vitatu kwa siku! Pima kasi iliyohitaji kikomo cha namna hiyo. Mashine haijasimama Bissil, haijui udongo wetu siku ya mvua, na dakika tano zile za Kitengela Glass ni aina ya kosa ambalo italirudia kwa ufasaha mkubwa. Itumie kukagua tahajia ukipenda. Mahali ambapo hukufika, isikufikishe.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha, makala ilale siku 3. Kisha isome kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi ikate vipande. Halafu watafute wasomaji wawili: mmoja anayepajua mahali hapo tangu utotoni na mwingine asiyewahi kufika. Wa kwanza atakuonyesha uongo, wa pili atakuonyesha pengo. Punguza uzito wa picha zako pia. Anayekusoma Bissil au Mashuuru anasoma kwa bando alilonunua kwa shilingi chache, na picha 12 kubwa zinaweza kulimaliza kabla hajafika aya ya pili.

Makala zikishakuwa nyingi utataka kitabu, na hilo ni jema. Nambari ya ISBN hapa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa, KNLS. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, na hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ni kujiwekea ushahidi iwapo mtu atakuibia. Lakini usikimbilie huko. Makala kumi zilizorundikwa pamoja hazijawa kitabu mpaka umezisoma mfululizo na kugundua kwamba umetumia "machweo" mara tisa. Mlipe mhariri, hata kama itakubidi uahirishe safari moja. Nimeona vitabu vyenye jalada la kung'aa na kosa katika sentensi ya kwanza, na sikupata hamu ya kuifikia ya pili.

Yule kijana wa Bissil aliandika upya. Vidole vya mzee vikaingia, meno, kiwele, ile bei ya kunong'onezwa, mstari wa buluu, na mwisho mbuzi akisubiri lori la machinjioni. Niliipenda, nikamwambia iko tayari. Yeye akasema hapana, umeniambia nimtafute anayepajua. Siku nyingine ya soko akarudi Bissil, akamtafuta mzee yule kwa kuuliza uliza, akamsomea yote wakiwa wamekaa kwenye kivuli cha mgunga.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Kijana," akamwambia, "mbuzi yule hakwenda kuchinjwa. Nimemweka nyumbani. Kwani mtu hushika kiwele cha nyama?"

Kisha akaeleza. Ukame ulioisha mwaka 2023 ulikuwa umemwachia boma tupu. Yule jike alikuwa wa kwanza kumnunua tangu hapo, na ile bei alikuwa ameikusanya kwa muda mrefu; ndiyo maana aliitaja kwa sauti ya chini. Hakukuwa na lori. Alimpeleka nyumbani kwa bodaboda, amemshika mapajani njia nzima, na rangi ya buluu ikamchafulia shuka. Sasa mbuzi huyo alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

Neno kiwele lilikuwa kwenye makala tangu mwanzo. Mimi nililipita, kijana alilipita. Alifuta sentensi ya lori pale pale chini ya mgunga, akamwomba mzee amwonyeshe doa la buluu kwenye shuka.